Kompaila Niliyoijaribu Iringa

Walisema sitaweza kuiunganisha kompyuta, na nikiiunganisha haitawaka. Yalisemwa Uyole, sokoni, na watu niliosoma nao shule ya msingi, waliponiona nimerudi kutoka Ulaya na masanduku ya vipande vya kompyuta badala ya redio na suti. Niliiunganisha peke yangu, kwa stashahada yangu na mikono yangu, na iliwaka siku ile ile. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa unyenyekevu.

Chama cha wakulima wa pareto kiliniahidi ajira kama mashine yangu ingeandaa malipo ya wanachama wote kwa siku moja. Kama ningeshindwa, ningerudi Ulaya, ambako kazi yangu ya zamani ilikuwa bado inaningoja. Programu ya malipo nilikwisha kuiandika, lakini kompyuta ilisoma kila mstari upya kila ilipoufikia, ikajikokota. Nilihitaji kompaila, yaani programu ya kugeuza maandishi yangu yote kwa mpigo kuwa lugha ya mashine yenyewe. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, muuza mashine za kuchapia mjini Iringa, alikuwa ameletewa moja na mpwa wake. Bei ilinizidi. Nilikopa kwa dada yangu, kwa mjomba, na sehemu kubwa kwa baba, mfugaji aliyehamia Usangu kutoka kaskazini. Aliuza madume.

"Usilipe kabla hujaijaribu," aliniambia. "Dume la kulimia hujaribiwa kwa jembe la nani?"

"La mnunuzi, baba."

"Na shamba?"

"La mnunuzi."

"Haya. Muuzaji yeye atakupeleka kwenye mchanga wake laini, usifu."

Ndivyo kwetu tulivyonunua ng'ombe wa jembe, nami nilikuwa nimepanga hivyo hivyo. Nikaifunga kompyuta kwenye blanketi, nikapanda lori la mbao hadi Iringa.

Dukani, mwenye duka alianza na mfano uliokuja na kompaila: majina ya watu yakajipanga kwa alfabeti kufumba na kufumbua.

"Umeona, mtaalamu? Basi la Dar halikimbii hivi."

"Nimeona. Sasa tuweke ya kwangu."

"Ya nini tena? Umekuja kununua au kunisahihishia mtihani?"

"Kusahihisha."

Akacheka, akaagiza chai.

Kompaila ilikalia karibu kumbukumbu yote ya mashine. Programu yangu ilipofika kwenye makato ya mbegu na dawa, ikagoma: nafasi imekwisha. Niliikata vipande viwili. Kipande cha kwanza kilipita, na kwa kweli kiliruka. Hesabu ya asubuhi nzima iliisha chai ikiwa bado ya moto. Lakini cha pili kilihitaji majibu ya cha kwanza, na kompaila ile haikuwa na njia ya kuviunganisha. Nikairudisha nzima, nikaondoa vichwa vya majedwali, nikafupisha majina, mwisho nikaondoa makato yenyewe. Ndipo ikakubali. Kilichobaki hakikuwa malipo ya mkulima yeyote.

"Nunua tu, kijana wangu," alisema kwa upole, akianza kufunga milango. "Huko kwenu nani atajua?"

"Mimi."

Sikujua mtu mwingine kutoka Iringa hadi Mbeya ambaye angeweza kuipima kompaila ile kama nilivyoipima. Juu ya lori nililia mpaka Makambako. Dereva alidhani nimefiwa, akanipa pole, nami nikaipokea.

Pesa zilikuwa kamili. Nilianza kuzirudisha kwa mjomba, nikaenda kwa dada, na jioni nikafika kwa baba. Alizipokea kwa mikono miwili bila kuzihesabu.

"Imekataa?"

"Imekataa, baba."

"Kwa hiyo unaondoka."

"Mwezi ujao."

Akatazama ng'ombe wakiingia zizini. "Wewe ulidhani nilikukopesha ununue mashine," alisema. "Nilikukopesha ubaki."

Akazitia pesa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeapa kutodaiwa na mtu, kwa hiyo nikaziweka kwenye kigoda pembeni yake, nikarudi nyuma hatua chache ili asiweze kuzitia mfukoni mwangu tena. Alikaa nazo pale mpaka giza likaingia. Kisha akaziokota, akaingia ndani, na mimi nikawa sina deni kwa mtu yeyote.