Tulivyofungiwa Mlango Woodbury

Nilikwenda Amerika kwa sababu kaka yangu alikufa kabla ya kumwozesha mwanawe. Wengine hapa Voi mlisema nimekwenda kutembea, wengine mkasema nimezeeka na bado naitaka dunia. Mimi huyu, niliyeogopa hata kupanda lifti Mombasa! Lakini Mwadime, mtoto wa kaka, alikuwa amepata mchumba huko, msichana Mkisii jina lake Moraa, na watu wa msichana walisema wazi kwamba hawatazungumza posa na vijana watupu. Waletewe mtu mzima wa damu. Baba hayupo, na baba mdogo alinyimwa viza, kwa hiyo nikabaki mimi, shangazi. Nisipokwenda, posa imekufa.

Nairobi nilinunua koti la mtumba sokoni Gikomba. Lilikuwa la mwanamume, zito, refu hadi vifundoni, na muuzaji alinicheka akaniuliza kama nahamia ndani ya friji. Nikamwambia ndiyo, hasa. Nililivaa tangu uwanja wa ndege wa Nairobi, jasho likinitiririka, maana niliogopa kwamba nikilivua nitalisahau, na nikilisahau nitakufa. Mimi ni mwoga. Nimefundisha shule miaka yangu yote, nimewachapa vijana walionizidi kimo, lakini mwoga ni mwoga.

Ndani ya ndege sikulala. Tulibadilisha ndege Amsterdamu, tukaruka tena juu ya maji ambayo hayakwisha, na mwishowe nikaona ardhi chini yetu nyeupe yote, miti michache imesimama mitupu bila jani. Nilimuuliza mzungu aliyeketi kando yangu kama kumetokea jambo. Akasema hapana, ni Januari tu.

Minneapolis tulifika alasiri. Mwadime alinikumbatia hadi mifupa yangu ikalia, mtoto amenenepa, ana kicheko kilekile cha babake. Milango ya uwanja ikafunguka, hewa ikaniingia puani na nywele za pua zikaganda hapo hapo. Sisemi uongo.

"Mungu wangu," nikasema. "Watu wanaishi hapa?"

"Wanaishi, Shangazi. Na wanaringa pia."

Njiani alinieleza kuringa huko. Miji ni miwili, imekaa pamoja, mto Mississippi unapita kati, na mgeni hawezi kujua ametoka huu ameingia ule lini. Lakini wenyewe wanajua. Minneapolis ina maghorofa ya vioo, kumbi za maigizo, viwanja vya mpira, na vichochoro vya vioo vinavyopita juu ya barabara ili watu wasiguse baridi. Saint Paul ina serikali, ina kanisa kubwa juu ya kilima, na kila mwaka wenyeji wanafanya sherehe ya baridi, eti wanaisherehekea! Huku wanasema wale ni washamba waliolala. Wale wanasema hawa ni watu wa majivuno wasio na mizizi.

"Halafu kuna ule mpira wa magongo wa kwenye barafu," akasema Mwadime, na uso ukambadilika. "Timu yetu ilihama ikaenda kusini. Sasa mpya wamepewa Saint Paul. Wamevimba vichwa hao, hawaongeleki!"

"Wewe unaucheza mchezo huo?"

"Hata sheria zake sizijui, Shangazi."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Wakenya wa huko walikuwa wameupokea ugomvi wa wenyeji wao wakauongezea chumvi. Wa Minneapolis wana kwaya yao, wa Saint Paul wana yao. Wakicheza kandanda majira ya joto, watu wazima, wauguzi na wanafunzi wa chuo kikuu, hawasalimiani wiki nzima. Na Moraa alikuwa wa Saint Paul. Kwao Mwadime kumwoa ni kama kumtorosha.

Jumamosi ya posa ilianza na jua kali. Nilifurahi, nikafungua dirisha, nikalifunga upesi. Jua la huko Januari linang'aa bure, halina joto hata la kukausha leso. Redio ilisema upepo unakuja na mtu asiache ngozi wazi nje, itaganda upesi. Nilimwambia Mwadime tuahirishe. Aliniangalia kwa huruma.

"Shangazi, usi-worry. Ni kutoka kwa gari hadi mlangoni. Hatua chache tu."

Tuliondoka wanne. Mimi, Mwadime, Njoki ambaye ni binti wa kuongoza nyimbo, na Otieno rafiki yao aliyeendesha gari. Tulipovuka daraja nilichungulia mto. Ulikuwa umeganda pande zote, lakini katikati palikuwa na ufa wa maji meusi, na mvuke unapanda kutoka humo. Nilifumba macho hadi Njoki aliponiambia tumeshaingia Saint Paul.

Woodbury ni mbele zaidi, mashariki, lakini Wakenya wa pale hujihesabu Saint Paul. Tulifika saa tisa. Nyumba ni mpya, zote zinafanana, milango ya gereji imefungwa, na barabarani hapakuwa na mtu, wala mbwa, wala moshi wa jikoni. Nilitafuta hata mtu mmoja wa kumsalimu nikakosa.

Pale garini wakavua makoti. Njoki alitaka kitenge chake kionekane, Mwadime alikuwa na suti mpya na viatu vyembamba vya kung'aa, hana glavu wala kofia.

"Vua na wewe, Shangazi. Utapigwa picha na koti la mwanamume?"

"Nipigwe," nikasema.

Tulipokwisha kushuka, Otieno akashika kichwa. Soda na sukari za wakwe zimesahauliwa! Huwezi kufika ukweni mikono mitupu, hilo hata Amerika linajulikana. Akasema kuna duka si mbali, anarudi sasa hivi. Akaondoka na gari, na makoti ndani yake.

Njoki akaanzisha wimbo, nasi tukabisha. Mnajua desturi. Siku hizi karibu kila kabila la Kenya limeikumbatia: wageni wa posa hufungiwa mlango, wanaimba wanabembeleza, wa ndani wanajibu kwa mafumbo na kutaka hiki na kile, mpaka wachoke kucheka ndipo wafungue. Nimefungiwa hivyo mara nyingi, na mimi nimewafungia wengine. Ni raha tupu.

Mlango ukafunguka kidogo, umezuiwa na mnyororo. Jicho likatuangalia. Alikuwa Mama Kerubo, shangazi wa Moraa, mwenye nyumba.

"Mnatoka wapi, wageni?"

"Minneapolis," akajibu Njoki.

"Mji huo hatuujui. Shangazi wa bwana harusi na aseme kwa mdomo wake: Saint Paul ndio mji, Minneapolis ni kitongoji. Tutafungua."

Vicheko ndani, vigelegele, na mlango pwaa!

Mimi ningesema palepale. Kwangu miji yote miwili ilikuwa ya kuogopwa sawasawa. Lakini Mwadime alinishika mkono.

"Usiseme, Shangazi, tafadhali. Watatuimbia hilo mpaka tuzeeke."

Basi tukaimba. Njoki aliwatungia ya kuwachoma, kwamba Saint Paul wamepewa timu lakini hawana mchezaji, nao wakajibu kwa kupiga sinia. Upepo ukaja. Haukuvuma kwa kelele, ulipita tu barabarani ukatukata. Vidole vya miguu vikaniuma, kisha sikuvisikia. Otieno harudi. Sauti ya Njoki ikakatika katikati ya ubeti.

Nikamtazama Mwadime. Masikio yalikuwa yamebadilika rangi, yamefifia kama mshumaa. Vidole vilevile. Na alikuwa ameacha kutetemeka. Alikuwa anatabasamu.

"Sisikii baridi tena, Shangazi," akasema polepole, ulimi mzito kama wa mlevi. "Kuko sawa."

Njoki anafanya kazi ya uuguzi. Aliposikia maneno hayo akaniangalia, na macho yake yalinitisha kuliko kitu chochote safari nzima.

"Shangazi, hiyo si nzuri. Hiyo si nzuri kabisa."

Nikaugeukia mlango nikasema. Saint Paul ndio mji! Minneapolis ni kitongoji! Nilipiga kelele hadi koo likaniwaka. Lakini mlango wa huko si kama wetu. Hapa Voi mtu akikohoa nje, aliye jikoni anamjua kwa jina. Ule ulikuwa mnene, umezungushiwa mpira pande zote ili hata hewa isipite. Nikabonyeza kengele, nikapiga ngumi, Njoki akapiga teke. Na ndani, jamani, kila tulivyozidi kugonga ndivyo walivyozidi kuimba! Walidhani tunacheza. Nani angedhani vinginevyo? Ningekuwa ndani na mimi ningeongeza sauti.

Njoki alikimbilia nyumba ya jirani akagonga, hakuna mtu. Ya pili, hakuna mtu. Mwadime akaketi kwenye ngazi, akaniambia anataka kupumzika kidogo. Nilivua koti langu la Gikomba nikamfunika hadi kichwani, nikamwambia Njoki amkumbatie, amseme, amtukane akitaka, asimwache alale. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba.

Theluji ilinifika magotini. Sikuwahi kuikanyaga. Kila nilipotia mguu nilihisi chini hakuna kitu, nitazama na hakuna atakayejua nilipo. Nilikuwa nalia kwa sauti, siwafichi. Nilianguka, nikashika ukuta, nikaenda. Nilimwambia kaka yangu huko aliko asithubutu kumwita mtoto huyu, sijavuka bahari kumpelekea.

Nyuma palikuwa na mlango wa kioo. Ndani ameketi msichana peke yake, kanga mpya imemfunika kichwa. Bibi harusi huyo, amefichwa kama inavyotakiwa, haonekani hadi aitwe. Tulikuwa hatujaonana ila kwa picha. Nilipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Akafunua kanga, akaona mwanamke mzee mwenye theluji kifuani, akapiga ukemi. Nami nikaweka mdomo kwenye kioo nikataja jina moja.

"Mwadime!"

Akafungua.

"Mwanangu, mimi ni shangazi yake. Anaganda mlangoni kwenu."

Alipita katikati ya wale wanawake mbio, kanga imeanguka, huku wakimpigia kelele, "Bibi harusi hatoki! Rudi!" Mnyororo ulimshinda mara ya kwanza, akaung'oa na misumari yake. Nyimbo zikazimika.

Ile ilikuwa nyumba nzima ya wauguzi. Walichofanya baada ya hapo sijawahi kuona. Moraa aliwaamrisha hata waliomzidi umri: vueni viatu vyake, leteni blanketi, maji ya vuguvugu, si ya moto, na mtu asimsugue! Akapiga magoti na gauni lake la sherehe, akaizamisha mikono ya Mwadime kwenye beseni, akaishikilia humo. Damu ilipoanza kurudi Mwadime alilia kama mtoto, na Njoki akaniambia nishukuru, kilio hicho ni kizuri. Otieno akatokea mlangoni na kreti ya soda mikononi. Gari lilikuwa limemkwama kwenye theluji.

Mama Kerubo alinijia huku ametapakaa machozi.

"Shangazi, mbona hukusema? Neno moja tu, ningefungua."

"Nililisema, mama," nikamwambia. "Nililisema mpaka sauti ikaisha. Hamkusikia."

Akakaa chini sakafuni.

Hospitali, jioni ile ile, ilikuwa ya Saint Paul. Mwadime, aliyeapa hatalala usiku hata mmoja ng'ambo ile ya mto, alilala huko hadi madaktari waliporidhika. Masikio yalipona. Ncha ya kidole kidogo cha kushoto haikupona, wakaikata.

Posa tuliimaliza kando ya kitanda chake, bila mahari kubishaniwa wala mafumbo. Mama Kerubo alisema harusi ifanyike Minneapolis, yeye mwenyewe atavuka daraja kwa miguu ikibidi. Mwadime akasema hapana, iwe Saint Paul. Yule akakazana, huyu akakazana. Nikawaambia wanyamaze wote wawili, mgonjwa anataka kulala. Moraa alikuwa ameshika ule mkono uliofungwa bandeji.

Uwanja wa ndege, siku ya kurudi, Mwadime alinipungia mkono huo huo. Ndege ilipopaa sikufumba macho. Nilitazama chini nijue ni mji upi ninaouacha, nikashindwa kabisa kuupambanua.

Voi nilifika salama, nikaligawa koti. Mlinitaka nieleze nilichojifunza, nami nilikuwa nawapiga chenga, maana ninachojua sasa hakinipi raha. Nimejua kwamba mtu anaweza kufa mlangoni kwa watu wanaompenda, nao wakiimba.

Basi ile Jumamosi ya posa ya binti wa Mwakio, mlinikasirikia. Wageni walikuwa nje juani wanafuta jasho, wanacheka, wanaimba vizuri tu, hakuna aliyeumia. Ninyi mmefunga mlango, ubeti wa pili haujaisha, raha imekolea. Nami nikainuka nikaenda nikafungua.

"Mghoi, umetuharibia!" mkapiga kelele.

Niliwaharibia, najua. Lakini nilikuwa nimesikia mtu mmoja huko nje ameacha kuimba.