Mashine Iliyolala Kifudifudi

Enzi zetu pale Bofu, ng'ambo ya feri, gemu haikuwa mambo ya mtu na simu yake pembeni. Mashine ilikuwa moja, pedi mbili, na watoto kumi na moja juu ya mkeka, kila mmoja akiapa zamu ni yake. Baba aliileta ikiwa kuukuu, amepewa na tajiri wake, na mimi na kakangu Dula tukawa watu wa maana mtaa mzima. Dula akifungwa mabao alilia, akisema pedi imekwama. "Si pedi, ni mikono yako!" tulimwambia. Mama naye alipiga kelele kutoka jikoni, harufu ya mahamri imemtangulia: "Hilo jini lenu lizimeni, kwaadhiniwa!"

Kwa waliozaliwa juzi, nieleze. Mashine zile zilisoma sidii kwa jicho dogo la kioo, na jicho likichoka, picha iliganda. Dawa tuliijua sote: unaigeuza juu chini, inasoma tena. Mama alipotukuta tukifanya hivyo alicheka. "Ina riahi tumboni, maskini. Mtoto mwenye riahi hulazwa kifudifudi, akapata nafuu." Tangu siku hiyo hatukusema kuigeuza. Tulisema kuilaza kifudifudi.

Tukakua. Pedi zikakatika nyaya, Dula akapata kazi Changamwe, mimi nikaolewa Mjambere. Baba akafariki. Baada ya hitima Mama akanionyesha sidii moja, Baba akisoma maulidi kwenye harusi ya jamaa, imechubuka kama goti la mtoto. Redio iliikataa. Hapo nikaikumbuka mashine yetu juu ya kabati. Wengi hawakujua kuwa zilipiga hata sidii za sauti tupu. Nikaiunganisha na televisheni, nikailaza kifudifudi. Ikakwaruza, ikanyamaza, kisha Baba akakohoa, vile alivyokohoa kila mara kabla ya kuanza kusoma. Mama akajitanda leso vizuri, kama mtu aliyejiwa na mgeni.

Basi hiyo ikawa kazi mpya ya mashine. Kila Ijumaa baada ya alasiri navuka feri, naiunganisha, tunamsikiliza.

"N'tilie babako kwenye simu," Mama aliniambia. "Niwe naye hata siku usizokuja."

"Inshallah, Mama. Ijumaa ijayo."

Msidhani ni ufundi mkubwa. Unaweka simu karibu na spika, unabonyeza kurekodi, unatulia. Nilijua. Hiyo Ijumaa ijayo niliisema miaka mitatu.

Kabla ya Ramadhani iliyopita Dula alikuja kumpakia Mama nyumba rangi. Nilipofika, juu ya kabati palikuwa peupe.

"Lile dude?" akasema Dula. "Nimempa mtu wa skrepa. Si lilikufa zamani?"

Hakuwahi kuja Ijumaa hata moja, nami sikuwahi kumweleza. Tukamtafuta mtu wa skrepa. Mzigo ulishakwenda kupondwa.

Sidii ilibaki kwenye mtoto wa meza. Nikampeleka Mama duka la kompyuta. Binti wa pale akaitia, akaitoa, akaifuta, akaitia tena. "Haisomi, bibi."

"Mwanangu," Mama akamwambia taratibu, "ilaze kifudifudi."

Binti akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akacheka mpaka akaziba mdomo. Nami, kwa kuona haya, nikacheka naye. Mama akaichukua sidii yake, akaifunga kwenye pindo la leso, akatoka nje kuningojea.

Vijana wa leo simu ikikwama kidogo wanataka mpya. Sisi tuliibembeleza mashine mbovu kama mtoto mchanga, na sijui ubingwa ule tuliupeleka wapi. Simu yangu imejaa picha za biriani za harusi za watu nisiowakumbuka hata majina. Kikohozi cha Baba hakimo. Wewe mwenye mzee anayekohoa kabla ya kusema, mrekodi leo hii, ni rahisi, utaweza, usingoje Ijumaa.

Mimi bado navuka kila Ijumaa. Mama hunitilia chai, tukakaa tukiitazama televisheni iliyozimwa. Hanambii tena nimtilie mtu kwenye simu.