Tumbili ana pasipoti ya mama

Kuna tumbili juu ya mti huku India ameshika pasipoti ya mama yangu, na ndege yetu ni kesho asubuhi.

Sitanii. Naandika nikiwa chini ya huo mti.

Mama kamaliza matibabu ya macho Mumbai, nikampandisha boti tuje kisiwani atazame mapango. Kumbe pasipoti kaificha ndani ya mfuko wa senene, wale panzi wa kukaanga, aliotoka nao kijijini Kaagya.

"Mwizi gani wa huku atagusa senene?" mama akaniambia.

Nikaona ana akili. (Wahaya wenzangu, msinicheke.)

Kweli, mwizi hakugusa. Tumbili kapora mfuko mzima!

Sasa anakula senene mmoja mmoja, taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa. Ni nusu kilo jamani! Boti ya mwisho inaondoka baada ya nusu saa, na tawi alilokalia liko juu ya maji.

Nyie wa Muleba mnaofukuza tumbili migombani, mnafanyaje hadi waachie kitu? Ndizi kazikataa. Waitu, ndugu zangu, nisaidieni!

Mama muda wote alikuwa anatazama juu tu. Sasa hivi ndiyo kaniuliza:

"Mwanangu, macho yangu yametibiwa ili nione hili?"