Gardenali Iliyongojea Sherehe

Florentine alianza maisha kwa kukaanga mandazi mjini Butembo, mashariki ya Kongo, na yalikuwa mandazi ya kugombaniwa. Biashara ilikufa siku binti yake Falonne alipoanguka kifafa kando ya karai. Watu huamini kifafa huambukizwa kwa mate, na nani atakula mandazi ya nyumba yenye kifafa? Baba mtoto naye akaingia mitini. Florentine akamfunga mtoto mgongoni, akashuka kijijini Mabalako kulima mihogo, maana mihogo sokoni haiulizwi imetoka shamba la nani.

Huko alimpata Kasonia, muuguzi wa kituo cha afya cha parokia. Kila jioni Falonne alimeza kidonge cha gardenali, na kuanguka kukakoma. Akaanza hata shule. Ila Kasonia alimwonya mama: kidonge hiki hakiachwi ghafla. Kikiachwa, ugonjwa hurudi kwa hasira, na unaweza kuua.

Ilikuwa wakati wa vita, na waasi walioketi Beni walijiita serikali. Wakatangaza mpango mkubwa wa kutibu magonjwa ya ubongo. Mpango ulikuwa na bendera, fulana na magari ya fahari. Dawa tu ndiyo haikuwapo. Walichofanya kinachefua hata kukisimulia. Walituma askari wakachukua gardenali yote ya Kasonia.

"Balikamata yote, Mama Falonne," Kasonia alisema bila kumtazama. "Banasema Excellence mwenyewe, mukubwa yabo, ndiye atagawia batu, siku ya fête."

"Na fête ni siku gani?"

"Hapana bajua. Bangali banangojea mupiga-picha."

Sherehe ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na wagonjwa wakakaa bila dawa. Falonne alianza kutetemeka vidole. Siku ilipowadia, Florentine alimbeba hadi uwanja wa mpira wa Mangina, mji wa jirani, wakasimamishwa mbele kabisa. Mkubwa mwenye suti alihutubia jua likiwachoma, ubongo hivi, ubongo vile, na katikati ya hotuba Falonne akaanguka miguuni pa meza.

"Hapana kumugusa!" askari mmoja alipiga kelele. "Mate yake!"

Umati ulirudi nyuma. Hao tuwasamehe. Lakini mkubwa, mwenye mpango, alipanda juu ya kiti!

Florentine alimlaza mtoto ubavu, akamfuta povu kwa kiganja, akangoja mpaka pumzi ikatulia. Mkubwa alipoiona kamera alishuka, akainua kopo la gardenali juu.

"Muone! Ni hii ugonjwa serikali yenu inakuja kumaliza!"

Makofi yakapigwa. Mpiga picha akaomba dawa ikabidhiwe. Florentine akanyoosha mkono, ule ule wenye povu.

"Munipe, Excellence. Munisalimie pia, batu baone."

Mkubwa aliutazama ule mkono. Akalitupa kopo chini, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa, akaficha mikono mifukoni. Kifuniko kikafunguka na vidonge vikatapakaa vumbini.

Florentine alitamani kumtemea usoni. Mate alikuwa nayo tele. Lakini Falonne alihitaji kidonge leo, na kingine kesho, na hapakuwa na dawa nyingine Mabalako nzima. Akayameza mate yake, akapiga magoti mbele ya viatu vile vinavyong'aa, akaanza kuokota.

Hapo ndipo picha ilipopigwa.