Simu Aliyoipokea Mama

Sikwenda Lilongwe kuomba huruma. Nilitaka watu wa shirika waniambie machoni kwa nini walininyima kazi ya ukalimani kwenye kliniki yao. Usaili nilifanya vizuri. Kiswahili, Kifaransa, Kichewa, Kiingereza, vyote nilivitoa. Wiki tatu kimya, kisha ujumbe wa mstari mmoja: hukuchaguliwa. Niliandika mara mbili kuuliza sababu, hakuna aliyejibu. Mgao wa chakula umepunguzwa, mtoto ananyonya ziwa la mtu mwenye njaa, halafu wao wananinyamazia! Nikapanga foleni ya kibali cha kutoka kambi ya Dzaleka, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda.

Karani, mwanamke wa rika langu, alifungua faili.

"Lakini dada, wewe ndiye ulikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza wapi?"

"Kwenye orodha. Tulikupigia siku mbili. Mama mmoja anapokea, anasema hawakujui, anakata. Tukamchukua wa pili."

Simu nyumbani ni moja tu, nikienda kufua nguo za watu namwachia mama. Na tangu polisi waanze kutusaka sisi wakimbizi tunaouza vitu nje ya kambi, nilimfundisha mama sentensi moja ya Kichewa: Sitikumudziwa. Hatumjui. Namba ngeni ikiniulizia, sema hiyo, kata. Nilimkaririsha mwenyewe, kama mtoto wa shule, mpaka akaweza.

"Mwambieni huyo wa pili mlikosea," nikasema.

"Dada, ameshaanza kazi."

"Mi nina mtoto!"

"Na yeye anaye."

Akafunga faili. Nilitamani kulipasua.

Jioni nilimkuta mama anasonga nsima. Njia nzima nilikuwa nimepanga matusi ya kumtupia.

"Mama, kuna bantu balinipigia?"

"Bapolisi!" Akacheka, akafuta mikono. "Mara mbili. Nikabaambia kile ulinifundisha. Habatakupata, mwanangu!"

Alisimama pale na mwiko mkononi, akisubiri nimsifu. Ningemtukana nani?

"Asante, mama," nikasema, nikaichomoa simu kwenye pindo la kitenge chake.

Tangu siku hiyo naibeba hadi chooni. Hailii.