Nimeficha Propela, Mdogo Wangu Yuko Ndani

Habari yako admin na wote mnaosoma. Jina langu lifiche kabisa, maana mawifi zangu wote wamo humu.

Nina miaka thelathini na nne, mama wa watoto watatu. Kwetu ni Mgori, nimeolewa huku Iramba, karibu na Ziwa Kitangiri. Mdomo ninao, sikatai, ndiyo maana hata nikisema jambo la maana nyumba hii wanasema, "Kaanza huyo."

Mwaka jana mume wangu alinunua boti la faiba, chakavu, kutoka Mwanza. Huku wengi wanavua kwa mitumbwi ya mbao, kwa hiyo liliposhushwa kwenye lori watu walijaa uwanjani kama kuna harusi. Tukakaa wawili tukapanga bajeti: ng'ombe wake wawili, na alizeti yangu yote. Humo tukaweka resini na kitambaa cha faiba cha kuzibia nyufa, rangi, na zaidi ya yote ubao mpya wa nyuma, pale injini inapofungwa. Aliyetuuzia alisema mbele yangu, "Huu ubao uliofunikwa na faiba umeoza kwa maji. Msifunge injini hapa kabla hamjaubadilisha."

Bajeti ikaanza kuliwa. Mara lori limepandisha bei, mara rangi anayoitaka ni ya ghali, mara jina liandikwe pande zote mbili. Ilipofika zamu ya ubao, mfuko mtupu! Ndipo akaitwa baba mkubwa wa mume wangu, fundi wa kunyoosha bodi za magari Singida mjini, atufanyie bure. Mzee akakwangua juu juu, akapaka fila ya magari, ile ya kuzibia mabonde, akapiga msasa na rangi. Weee, lilivyong'aa! Siku moja naliosha, nikaona maji ya kahawia yanachuruzika kwenye tundu la bolti. Nikagonga pale kwa mpini wa kisu, ikaitika kama boga bovu.

Nikamwambia mume wangu. "Umeanza," akasema. "Baba mkubwa katufanyia bure, unataka nikamwambie kazi yake mbovu?" Nikajikaza, nikamwendea mzee mwenyewe, nikapiga goti, shikamoo nikaitoa vizuri. Akacheka. "Mkwe, mimi nimenyoosha malori yaliyopinduka mlima Sekenke. Hiki kiboti ndicho kinishinde?"

Uzinduzi ukapangwa Jumamosi hii. Wa kuingia ziwani ni mume wangu na mdogo wangu wa kiume, ambaye nilimleta mwenyewe kutoka nyumbani aje apate kazi. Kuogelea hajui hata kidogo, amekulia kwenye mahindi. Mume wangu naye si wa kumsifia. Injini ile iking'oka na ubao katikati ya ziwa, nitaletewa maiti mbili.

Basi Jumatatu mume wangu akiwa mnadani, nikachukua spana, nikafungua propela ya injini, ile feni inayosukuma boti, nikaifukia kwenye gunia la mbegu. Nilijua propela huku hazipatikani, nikasema hadi aipate nyingine nitakuwa nimeuza mbuzi zangu, ubao ubadilishwe.

Kumbe najichimbia shimo. Jioni ikawa vurugu, na macho yote kwa mdogo wangu, kwa sababu ndiye analala kwenye banda la boti. Mimi mwenye mdomo wote huu nikanyamaza. Baba mkubwa akataka mwenyekiti wa kitongoji aitwe. Mwenyekiti akauliza mara moja tu. Mdogo wangu akaniangalia, akasema, "Ni mimi. Nimeuza."

Nikamfuata nyuma ya jiko. "Umerogwa?"

"Nilikuona, dada," akasema. "Mimi wakinifukuza nitarudi nyumbani kulima. Wewe wakikufukuza, watoto utamwachia nani?"

Nililia palepale nyuma ya jiko. Jumanne wakampeleka polisi, na leo Alhamisi bado yuko ndani. Mama akipiga simu namwambia mwanao hajambo, yuko kazini. Naona hata aibu kumeza chakula.

Na nilichokitaka hata sikukipata. Mchana huu mume wangu ameingia anacheka, propela nyingine imepatikana Mwanza, inakuja na basi kesho. Jumamosi iko palepale, na nafasi ya mdogo wangu ameichukua kaka wa mume wangu. Nikisema ukweli, naogopa hakuna atakayesikia habari ya ubao. Watasema mwanamke huyu ni mchawi, hataki mume wake aendelee, na ukoo mzima utataka nirudishwe kwetu bila watoto. Nikinyamaza, mdogo wangu anabaki mwizi, na mume wangu, ambaye pamoja na ubishi wake nampenda, anaingia majini na boti bovu lililopakwa rangi.

Jamani, kama ni kunitukana, subirini Jumapili. Leo nishaurini tu: nianze na yupi, aliye ndani au anayejiandaa kwenda ziwani?