Mjomba wa Kuazima

Ukiingia kwenye harusi yoyote hapa Mpanda ukakuta vitambaa vya dari vimetulia bila mkunjo hata mmoja, ujue Venansi amepita hapo. Mimi ndiye ninayemuuzia satini, na duka langu linatazamana na kituo cha bodaboda. Kwa hiyo nisikilizeni mimi, si wale vijana wa kituoni ambao kila akipita humpigia miluzi na kumwita Mama Venansi. Haohao, dada zao wakichumbiwa, ni yeye wanayekuja kumtafuta.

Alizaliwa Karema, huko ziwani, baba yake mvuvi. Baba alimwona kijana ana sauti laini, anatembea taratibu, anapenda kukaa na dada yake Marta jikoni, akamtia kwenye mtumbwi ili ziwa limfanye mwanaume. Ziwa halikumfanya chochote. Wenzake walimvisha kanga mchana kweupe wakamchezesha mchangani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na baba yake aliyekuwepo pale akatazama pembeni. Alichoondoka nacho Karema ni fundo la kushonea nyavu, lile ambalo ukilivuta ndiyo kwanza linakaza. Ndilo analofungia vitambaa vyake mpaka leo.

Mpanda nako hakupokewa kwa ngoma. Kila alipopanga, baada ya muda mwenye nyumba alikuja na maneno yaleyale: nyumba yangu ina watoto. Kwenye kwaya aliimba tena, ile sauti ya juu ya wanaume, vizuri sana, wakamwomba apumzike kidogo, na mapumziko hayo hayajaisha. Mwishowe nikampa chumba cha uani, nyuma ya duka. Watu walinifuata. "Mama Raya, wewe huogopi?" Nikawauliza niogope nini, wakashindwa kumaliza walichokuja kukisema.

Na kama na wewe unasubiri nikwambie yanayosemwa ni kweli au si kweli, utasubiri sana. Sijamuuliza. Yeye naye, tangu nifiwe na mume wangu, hajawahi kuniuliza chumbani kwangu anaingia nani. Huo ndio ujirani ninaoujua mimi.

Marta alipofariki aliacha binti mmoja, Josephina, bado yuko shule ya msingi. Ukoo ukakaa kikao. Felisiani, kaka yao mkubwa kwa baba mkubwa, alisema nyumba yake imejaa. Mwingine mke wake mgonjwa, mwingine kahamia mbali. Siku ile hakuna aliyekumbuka kusema Venansi si mtu wa kulea mtoto. Akamleta hapa na kibegi chake. Jumapili alimsuka nywele barazani kwangu, wapita njia wakikodoa macho, naye akiendelea kusuka. Alimwosha, akamuuguza malaria, akamkaripia kwa ajili ya hesabu. Mtoto akakua, akawa muuguzi, akapata mchumba, mwalimu kutoka Inyonga.

Sasa kwenye ukoo wao binti hatoki mpaka mjomba aseme. Siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, wakwe humletea mjomba blanketi wakamfunika nalo mabegani, binti akamlisha keki, ndipo mjomba anatamka, "Mchukueni." Asipotamka, wakwe wanarudi walikotoka. Na Josephina ana mjomba mmoja tu wa tumbo moja na mama yake.

Wiki ya sherehe Felisiani akaja kutoka Karema na suti yake ndani ya mfuko wa nailoni. Akamkuta Venansi dukani kwangu tunakata satini.

"Mdogo wangu, usinielewe vibaya," akasema. "Wale wakwe ni watu wazima, watu wa dini. Wakikuona wewe umekalia kiti cha mjomba, watasema damu ya huyu binti ina nini? Tusimharibie mtoto. Mimi siwezi, wananijua kuwa ni wa baba mkubwa. Tumemwomba Mzee Kassiani, yule anayenunua mpunga Mwamkulu, atukalie mjomba kwa siku moja."

Mkasi ukasimama mkononi mwangu. Mjomba wa kuazima! Watu huazima sufuria, huazima viti vya plastiki. Nilifungua mdomo nimtukane, Venansi akaniwahi.

"Ukumbi nani anapamba?" akauliza.

"Ah, wewe! Nani mwingine?"

"Sawa, kaka," akasema. "Mimi nitakaa jikoni."

Alipoondoka yule nikamgeukia Venansi kwa hasira zangu zote. "Kwa nini umekubali? Umemlea peke yako!"

Alikunja kitambaa, akakikunja tena. "Mama Raya, mimi nimeshazoea kuambiwa toka. Lakini wakimkataa yeye kwa sababu yangu, hapo nitakufa." Ndiyo mara ya kwanza kumwona analia, na tulikuwa tumeishi pamoja miaka mingi.

Kilichoniuma zaidi ni kile kiti. Alipamba ukumbi mzima, nyeupe na kijani, kisha akakivisha kiti cha mjomba kwa mkono wake, akafunga mafundo yake madogomadogo kwenye egemeo lote. Kiti cha maharusi hakikufikia nusu ya uzuri wake. Alikipamba vile akijua atakayekikalia ni mnunua mpunga.

Mimi sikuumbwa na moyo wa namna hiyo. Nilikwenda saluni nikamkuta Josephina amekaa chini ya mashine ya kukausha nywele. Yeye alikuwa ameambiwa mjomba mwenyewe amekataa kukaa mbele, anaona aibu. Nikamweleza yote, hakuna nilichobakiza, na suti ya Felisiani nikaitia humo.

Akajitoa chini ya mashine. Halafu akasema, "Asante, Mama Raya. Nyie nendeni ukumbini." Basi.

Jioni ukumbi ukajaa. Ilikuwa ile Oktoba ya kwetu, mvua hazijaja na joto halina huruma. Wakwe wakaingia na vigelegele, wakamfunika Mzee Kassiani blanketi zito la manyoya. Maskini, jasho likamtiririka mpaka kwenye tai. Mshereheshaji akanyanyua sauti: "Sasa binti yetu ampelekee mjomba keki!"

Josephina akainuka na sahani. Muziki ukawekwa. Akacheza taratibu kuelekea kile kiti, Mzee Kassiani akaanza kufungua mdomo, na Josephina akampita. Akapita meza ya Felisiani, akanipita mimi, akasukuma mlango wa jikoni. Muziki ukazimwa katikati. Nikasikia vikombe vikioshwa huko nyuma.

Akatoka amemshika Venansi mkono. Venansi alikuwa na fulana ya kazi, pini zimejaa kifuani, anarudi nyuma kama mbuzi anayevutwa mnadani. Josephina akachukua maiki.

"Wakwe zangu, samahani. Yule mzee pale ni mtu mwema lakini simjui. Mjomba wangu ni huyu. Huyu ndiye aliyenisuka na kuniuguza. Mnayoyasikia juu yake mtayasikia tu, hata mimi nimeyasikia tangu utoto. Anayemwonea haya, na mimi asinichukue."

Felisiani akaficha uso kwa programu ya sherehe. Upande wa wakwe akasimama bibi yake bwana harusi, Bibi Scolastica, anaegemea fimbo. Nikajua sasa ndiyo tunaaibika.

"Nyie watu wa Karema," akasema, "mnatuona sisi wajinga? Tumetoka Inyonga na blanketi la mjomba, mnamvisha mpita njia! Mngetupa ruhusa ya nani sasa?" Akamnyooshea Venansi fimbo. "Wewe ndiye uliyemlea?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi unangoja nini huko mlangoni?"

Mzee Kassiani hakusubiri kuambiwa. Alilivua lile blanketi kwa furaha ya mtu aliyetoka tanurini, akamfunika nalo Venansi juu ya fulana na pini zake, akawa wa kwanza kumpigia makofi. Sijawahi kupiga vigelegele vile maishani mwangu. Nilikaukiwa sauti siku mbili. Walioinuka waliinuka. Waliobaki wamenuna tuliwaona, na keki waliila.

Josephina akamlisha. Mshereheshaji akamwekea maiki mdomoni. "Mjomba, wakwe wanangoja neno lako!"

Venansi akaketi. Akapapasa egemeo, fundo moja baada ya jingine, macho yamejaa machozi na anacheka.

"Nitalisema," akasema. "Lakini msinikimbize, wakwe zangu. Acheni nikae kwanza."

Tukamwacha akae.